Jamani, mtungi wa pili wa nini?

Swali ninaloulizwa zaidi tangu nianze kupiga picha chini ya maji halihusu papa wala kamera. Linahusu mitungi. "Kaka, lini napaswa kuhama kutoka mtungi mmoja kwenda miwili?" Wanaouliza ni vijana wenzangu wa mjini, wenye kazi na kimshahara chao, waliopata cheti cha kupiga mbizi Zanzibar, Mafia au Diani. Wana mbizi thelathini, arobaini hivi. Wameona picha za wale jamaa wa nguo nyeusi, mitungi miwili mgongoni, mipira ya hewa imepita kifuani kama mishipa, wakaamua moyoni kwamba ukubwa wa mchezo huu uko pale. Wiki iliyopita mmoja wao aliniandikia hivi: "Mitungi miwili, usalama mara mbili. Si hesabu rahisi tu?"

Sio rahisi. Na kwa wengi wa wanaoniuliza, nadhani mtungi wa pili utawapunguzia usalama badala ya kuwaongezea. Najua kauli hiyo itawaudhi baadhi yenu, hasa mlioshaagiza vifaa. Nisomeni kwanza, ndipo mnitukane.

Kabla sijaenda mbali, mambo mawili ya lugha. Kwanza, nasema "mpiga mbizi" na sio "mzamiaji" kwa sababu kwetu Dar mzamiaji ni mtu mwingine kabisa: ni yule kijana aliyejificha kwenye meli akiitafuta Ulaya, au yule anayekula pilau la harusi ambayo hakualikwa. Pili, na hili nawaambia waandishi wenzangu, kilichomo ndani ya mtungi sio oksijeni. Kila ikitokea ajali ya majini utasoma "wapiga mbizi wenye mitungi ya oksijeni". Mle ndani mna hewa, hii hii unayovuta ukiwa Kariakoo, ila imechujwa na kushindiliwa: asilimia 21 oksijeni, na iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Oksijeni tupu ukishuka nayo kupita mita 6 hivi inaweza kukutia degedege, na degedege chini ya maji mwisho wake unaujua. Naitaja naitrojeni mapema kwa sababu ndiyo mhusika mkuu wa habari hii, ingawa watu wengi wanadhani mhusika mkuu ni kuishiwa hewa.

Haya, twende kwenye hesabu.

Mtungi utakaopewa kwenye boti nyingi za utalii hapa pwani ni wa alumini, una ujazo wa lita 11 na ushei, na hewa yake imeshindiliwa hadi bar 200. Zidisha, unapata kama lita 2,200 za hewa. Mtu aliyetulia, anayeogelea polepole, hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa usawa wa bahari. Lakini kila mita 10 unazoshuka, maji yanaongeza mgandamizo sawa na ule wa anga lote lililo juu yetu, na kila pumzi inameza hewa zaidi. Mita 10, lita 40 kwa dakika. Mita 30, lita 80. Na mtungi haumalizwi hadi tone la mwisho. Unatakiwa urudi juu ukiwa na bar 50 za akiba. Ukitoa akiba hiyo zinabaki kama lita 1,650. Gawa kwa 80. Dakika 20 na kidogo.

Sasa chukua jedwali la PADI, lile la plastiki, utafute muda ambao mtu anaweza kukaa mita 30 akivuta hewa ya kawaida na bado akaruhusiwa kupanda juu moja kwa moja bila kusimama njiani. Dakika 20.

Umeiona hiyo? Ni sadfa, lakini ni sadfa yenye manufaa makubwa. Mtungi mmoja ni uzio. Naitrojeni unayovuta ukiwa chini inayeyuka kwenye damu na nyama za mwili, na ukizidisha muda haikuruhusu tena kupanda moja kwa moja. Lazima usimame njiani, mita 6, mita 3, dakika kadhaa kila mahali, ukiipa nafasi itoke polepole. Ukiipuuza inatoka kwa fujo, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa, ila safari hii povu liko kwenye viungo na kwenye uti wa mgongo. Kuna watu wamepooza hivyo. Kuna waliokufa. Lakini mwenye mtungi mmoja, katika mbizi yake ya kwanza ya siku, kwa kawaida hewa inamrudisha juu kabla naitrojeni haijamfunga. Ukiwa mita 18 uzio huo ni imara zaidi: hewa inakwisha baada ya dakika 30 hivi, wakati jedwali linakuruhusu 56. Ukiwa mita 40 uzio una tundu, maana jedwali linakupa dakika 9 tu na mtungi unaweza kukuweka chini dakika 16. Mita 40 ndipo mafunzo ya burudani yanapokomea, nami sioni ajabu.

Sasa mpe mtu huyo huyo mtungi wa pili. Ana lita 4,400. Hata akiacha bar 50 katika kila mtungi, ana hewa ya kukaa mita 30 kwa dakika 40. Mwilini mwake hakuna kilichobadilika. Damu ni ile ile, jedwali ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba uzio umeng'olewa, na kuanzia hapo yeye mwenyewe, kwa kichwa chake, ndiye anayetakiwa kuwa uzio. Kama alikuwa anarudi juu kwa sababu geji ilimlazimisha, na wengi wetu tunarudi kwa sababu hiyo, basi tumemnunulia matatizo.

Kuna anayenijibu: sihitaji muda zaidi, nahitaji usalama, kimoja kikiharibika nina kingine. Hiyo ni hoja ya maana, na inastahili jibu refu zaidi kuliko ile ya kwanza.

Mitungi miwili sio mambo mapya. Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipounda chombo chao cha kupumulia Ufaransa mwaka 1943, mitungi zaidi ya mmoja mgongoni ilikuwa jambo la kawaida. Waliowahi kuona Sea Hunt, ile tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoanza mwaka 1958 na kwisha 1961, watamkumbuka Lloyd Bridges akirukia majini na mitungi miwili. Lakini tazama vizuri vifaa vya enzi hizo. Mitungi miwili, halafu regyuleta moja. Yaani nyumba yenye matangi mawili ya maji na bomba moja. Bomba likipasuka, matangi yote mawili ni mapambo. Wengi hata geji hawakuwa nayo. Kulikuwa na koki ya akiba unayoivuta kwa waya pindi hewa inapoanza kuwa nzito. Mitungi ile iliongeza muda. Usalama ilikuwa haijaongeza.

Mabadiliko yalitoka mapangoni. Mkanada mmoja, George Benjamin, aliyekuwa akichunguza mashimo ya buluu ya kisiwa cha Andros huko Bahamas, alikuwa miongoni mwa waliosukuma wazo la bomba la kuunganisha lenye midomo miwili, kila mdomo na regyuleta yake. Jina lake limebaki kwenye kifaa hicho. Baadaye ikaongezwa koki ya katikati ya kutenganisha mtungi na mtungi. Sasa upande mmoja ukianza kuvuja unaufunga na unaendelea kuvuta upande wa pili. Upande wa koki uliyofunga haupotei, maana hewa yake inapita kwenye bomba la kuunganisha kuja kwako. Ni kifaa cha akili sana, na nakipenda. Lakini soma tena sentensi ile: *unaufunga*. Nani anaufunga? Kwa mkono gani? Kwa sekunde ngapi? Koki ziko nyuma ya shingo yako, huzioni, kuna povu linanguruma sikioni na huna uhakika linatoka kulia au kushoto.

Mimi nilifundishwa mitungi miwili Uingereza nilipokwenda kusoma, kwenye bwawa liitwalo Stoney Cove, mkoa wa Leicestershire. Zamani lilikuwa machimbo ya mawe, yakajaa maji. Penye kina kirefu kabisa ni mita 36 hivi. Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja fundi bomba mstaafu, na sidhani kama nitawahi kupata mwalimu wa koki aliyefaa zaidi. Siku mbili nzima hatukwenda popote. Tulikaa kwenye kina cha mita 6 tukifunga na kufungua: kulia, katikati, kushoto, halafu tena, huku yeye akiangalia geji ya kina kwenye mkono wako. Ukipanda au kushuka zaidi ya mita moja wakati mkono uko nyuma, unaanza upya. Kisha bila miwani. Kisha bila miwani na yeye akikuzibia hewa. Wenzangu wawili, wanaume wa mabega mapana kutoka jimu, hawakuweza kabisa kufikisha mkono kwenye koki, akawarudisha kwenye mtungi mmoja mpaka wajinyooshe. Hakuwafanyia ubaya. Mtu asiyeifikia koki yake amebeba mtungi wa pili kama mzigo wa sokoni.

Kuna mengine ambayo picha za mtandaoni hazionyeshi. Koki ya kushoto ikikwaruzana na dari ya pango au ya meli iliyozama, ukiwa unaogelea kwenda mbele, inajifunga polepole bila wewe kujua. Na upande huo ndio wenye geji na regyuleta ya akiba. Au aliyejaza mitungi aliiacha koki ya katikati ikiwa imefungwa. Umejazwa mtungi mmoja, geji iko kwenye mwingine. Inakuonyesha bar 180 na unashuka ukiwa na furaha, halafu sindano inakataa kusogea kwa sababu unavuta mtungi ambao geji haiujui. Haya yanatokea kwa watu makini, sio wazembe. Mtungi mmoja hauna uwezo wa kukufanyia hila ya namna hiyo. Kila kitu unachoongeza kwa ajili ya usalama kinakuja na njia zake mpya za kuharibika, na njia hizo zinahitaji mazoezi yasiyoisha. Yule mzee alikuwa akifanya zoezi la koki kwenye kila mbizi, hata ya kwenda kutazama kamba wadogo wa bwawani.

Na hapo Uingereza ndipo nilipoelewa jambo ambalo huku kwetu hatuliambiani. Kwa nini wapiga mbizi wengi wa kule wana mitungi miwili hata kwa mbizi za kawaida? Baridi. Hewa inapotoka kwenye mtungi ikapanuka, inapoa sana. Maji nayo yakiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, regyuleta inaganda ikiwa imeachama, na hewa inamwagika bila kusimama. Mtungi mzima unaweza kumwagika ndani ya dakika chache. Kwao mtungi wa pili na koki ya kufunga ni jibu la tatizo wanalokutana nalo kila mwaka kuanzia Novemba.

Maji ya Mnemba ni nyuzi 25 hadi 29. Regyuleta yako haijawahi kuona barafu isipokuwa ile ya kwenye kikapu cha soda. Tumelichukua vazi, baridi tukaiacha Ulaya.

Tumeacha na uzito pia. Mtungi wa alumini una kilo 14 ukiwa mtupu, na hewa ya ndani, ndiyo, hewa ina uzito, inaongeza kilo 2.7. Piga mara mbili, ongeza bomba, vyuma vya kufungia na bamba la mgongoni, unakaribia kilo 40. Kwenye bwawa la Leicestershire unavaa ukiwa umekaa kwenye benchi na kushuka ngazi za zege. Kwenye boti ya mbao pale Nungwi, bahari imechafuka kidogo, ngazi yenyewe ni ya mikono na miguu ya nahodha, kilo 40 ni habari nyingine. Nimeona vijana wa boti wakimvuta mgeni mmoja kama samaki wa mashindano. Yeye alikuwa anacheka; wao walikuwa kimya, na mmoja alishika kiuno siku nzima.

Kuna hili pia: hewa hiyo yote inatoka mtungini kadiri unavyoivuta, kwa hiyo unaanza mbizi ukiwa mzito kwa zaidi ya kilo 5 kuliko utakavyomaliza. Mtu ambaye bado anapigana na kuelea kwake kwa mtungi mmoja, leo yuko juu ya matumbawe, kesho yuko ndani ya matumbawe, simshauri ajiongezee mzani huo. Matumbawe yenyewe hayana pa kulalamika.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike kwa ukali kidogo. Mwaka 1992, karibu na pwani ya New Jersey, Marekani, baba na mwanawe, Chris Rouse na Chrissy Rouse, walishuka kwenye manowari ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Pili iliyolala kwenye kina cha mita 70. Ni ile ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa U-869. Hawakuwa wageni. Walikuwa wapiga mbizi wa mapangoni wenye uzoefu na nidhamu, mitungi miwili mgongoni na mingine ya ziada ya kuvuta wakati wa kupanda. Siku hiyo walikuwa wanavuta hewa ya kawaida badala ya mchanganyiko wenye heliamu, ambao ni ghali. Kwenye kina hicho naitrojeni inalewesha kama pombe. Kijana alinaswa ndani ya manowari, baba akamsaidia kutoka, muda ukapita, wakapanda juu bila kusimama njiani. Wote wawili walikufa.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara natafuta mahali ambapo mtungi mwingine ungewaokoa. Sipaoni. Hewa nyingi haikuwaondolea ulevi wa hewa ile ile.

Sheck Exley, Mmarekani aliyechambua ajali za mapangoni na kuandika kijitabu chake mwaka 1979, alikuta kwamba watu walikuwa wanakufa kwa sababu chache zinazojirudia: hawakuwa na kamba moja iliyonyooka hadi nje, hawakubakiza hewa ya kutosha, walikwenda chini mno. Kwenye hewa kanuni yake ni ya theluthi. Theluthi moja ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi ya matatizo, yako au ya mwenzako. Angalia kanuni hiyo inavyozitafuna lita zako 4,400: za kutumia kuingia ni 1,470 tu, pungufu kuliko zile 1,650 ulizokuwa ukitumia na mtungi mmoja. Mwenye mitungi miwili anayejua anachofanya habebi hewa ili aitumie. Anabeba hewa ili asiitumie. Na Exley mwenyewe, bingwa wa mabingwa, alifia kwenye shimo la Zacatón, Mexico, mwezi Aprili 1994, akijaribu kushuka kupita mita 300.

Kwa hiyo lini unahama? Kwangu mimi jibu halina idadi ya mbizi. Unahama siku unapokuwa na sababu ya kwenda mahali ambapo juu hapafikiki moja kwa moja, ama kwa sababu kuna dari ya mwamba au chuma, ama kwa sababu naitrojeni imejenga dari yake isiyoonekana. Mahali hapo mtungi mmoja ni ujinga na miwili ni mwanzo tu. Kama safari zako ni matumbawe ya mita 15 kule Chole Bay, au mabaki ya Great Northern karibu na mji wa Zanzibar kwenye kina cha mita 12, juu pako wazi. Juu ndiko mtungi wako wa pili uliko. Ukiwa na hofu ya kweli ya regyuleta kuharibika, nunua mtungi mdogo wa akiba wa lita 3 wenye regyuleta yake. Una kama lita 600, zinatosha kumtoa mtu aliyeshtuka kutoka mita 30 hadi juu bila kukimbia. Na ongea na mwenzako wa mbizi. Wengi mnaoniuliza habari za koki tatu hamjawahi hata siku moja kufanya zoezi la kupeana hewa tangu mpewe cheti.

Lakini kuna watu hapa kwetu wanaohitaji mitungi miwili kweli, na hao hawaniandikii.

Tarehe 29 Septemba 2019, pale Likoni, Mombasa, gari lilirudi nyuma likatumbukia baharini kutoka kwenye feri ya MV Harambee. Ndani mlikuwa na mama na binti yake mdogo. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Katika siku zile zote nilikuwa nasoma watu mitandaoni, wengi wao wasomi wa mjini kama mimi na wewe, wakiwakejeli wapiga mbizi wa jeshi la maji: wanaogopa nini, gari liko pale pale, mbona wavuvi wanazama bila chochote? Ikafika wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini wakaitwa kusaidia, na kejeli zikaongezeka.

Gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58.

Fanya hesabu ile ile. Mita 58 ni mgandamizo wa karibu mara 7 ya huu wa juu. Aliyetulia anatumia lita 136 kwa dakika. Mtungi mmoja mzima, bila akiba, unakwisha kwa dakika 16. Lakini nani atatulia kwenye mkondo wa Likoni, maji yakiwa tope, mkono wako huuoni? Akipambana na kutumia maradufu, ni dakika 8, na ndani ya dakika hizo kuna kushuka, kutafuta na kupanda. Hewa yenyewe kwenye kina hicho inalewesha, na oksijeni iliyomo inafika kwenye mpaka ambao wataalamu wanashauri usivukwe. Kazi ya namna hiyo inataka mitungi miwili mgongoni kwa uchache, mchanganyiko wenye heliamu, mitungi mingine ya kusimamia njiani, na kikosi kilichofanya zoezi la koki pamoja hadi wakachoka nalo. Mtu ukimtaka ashuke kule kwa ushujaa tu, unataka maiti wa tatu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye pango la Tham Luang nchini Thailand, walikokwama vijana 12 na kocha wao, Saman Kunan, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa kikosi maalumu cha majini, alikuwa akipeleka mitungi ya hewa ndani ya pango. Alikufa tarehe 6 Julai 2018, akiwa njiani kurudi, baada ya kuishiwa hewa yeye mwenyewe. Huyo hakukosa ushujaa.

Sisi tuna feri Kigamboni, tuna feri Likoni, tuna boti za Unguja na Pemba, tuna Ziwa Victoria lililotuzikia watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018. Kila mara kuna vijana wanaoamriwa washuke. Inanikera kidogo kwamba mjadala wa mitungi miwili tunaufanya sisi wa mapumziko ya wikiendi, tukibishana rangi ya mipira, wakati fundi wa feri anapozama ndipo tunapokumbuka kwamba nchi ina wapiga mbizi.

Basi mimi nimejipangia maswali yangu kwa mkutano ujao wa waandishi, na naomba wenzangu walioko vyumba vya habari wayaibe bila aibu. Kina ni mita ngapi? Kila anayeshuka ana mitungi mingapi, na ndani mna gesi gani? Mara ya mwisho kikosi hiki kufanya mazoezi kwenye kina hicho ilikuwa lini? Chemba ya kumtibu atakayepanda vibaya iko wapi, na gari la kumpeleka lina mafuta? Nikijibiwa "mitungi ya oksijeni", nitakaa chini na kuuliza tena.